Geti Moja, Leseni Moja

Katika nyumba ile watu walikuwa wanaibiana kazi.

Mama mkwe akiamka kwanza, alivuka ua kimyakimya na kufagia banda la vifaranga la mkwe wake kabla mwenyewe hajafumbua macho. Mkwe naye akiwahi, mama mkwe alikuta mabakuli ya mbwa yameoshwa na kupangwa juani, maji ya paka yamebadilishwa, na chai yake iko juu ya kigoda imefunikwa kisahani. Hapo aliyechelewa alisimama mlangoni, mikono kiunoni, na kupaza sauti: "Mwizi kaingia humu!" Mwizi akajibu kutoka ng'ambo ya ua: "Mlinzi alikuwa amelala!" Mshona viatu wa nyumba ya pili alikuwa akisema hajapata kuona wezi wanaopaacha mahali pasafi kuliko walivyopakuta.

Tangu mvua zilizopita, lakini, mkwe ndiye aliyekuwa anawahi kila siku, na mama mkwe alishaanza kulalamika kwamba uzee umemwibia hata wizi wake.

Mama mkwe huyo mtaa mzima ulimwita Bibi Wageni. Jina lilitokana na kazi. Alipokea wanyama wa watu waliosafiri, au waliolazwa, au waliofiwa mbali, akawatunza mpaka wenyewe warudi, na hakuwahi kuwaita wanyama. "Mgeni wangu leo hali," alisema, akimaanisha paka. "Mgeni kaniamsha kabla ya jua," akimaanisha jogoo. Mabanda yake ya mbao aliyapanga kando ya ukuta wa barabarani kama vyumba vya gesti, na kila mlango ulikuwa na ndoano ya kutundikia kamba, au kofia, au kitambaa chenye harufu ya mwenye mnyama. Hicho kitambaa alikitaka mwenyewe. Mgeni akilala na harufu ya kwao, alisema, halii.

Mkwe, mke wa mwanawe, walimwita Mama Vifaranga. Vyumba vyake vilikuwa upande wa pili wa ua, unaoelekea kichochoroni. Humo alikuwa na mashine ya kutotolea mayai, na kando yake bruda, kibanda kidogo chenye taa ya joto ambamo vifaranga walikaa juu ya maranda mpaka waote manyoya ya kutosha. Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Alionekana zaidi kwenye simu kuliko kwenye kiti chake.

Ua ulikuwa mmoja, geti moja, na leseni moja. Ilikuwa imebandikwa nyuma ya mlango wa jikoni, imepauka kwa moshi, na ilisema kwa kifupi kwamba nyumba hiyo inaruhusiwa kufuga na kufanya shughuli za wanyama. Shughuli gani, haikusema. Kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza.

Afisa wa mifugo alifika asubuhi moja. Alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, begi begani, na kiatu chake cha kulia kilikuwa kinapiga makofi kila hatua kwa sababu soli imeachia. Bibi Wageni alikiona kiatu kabla ya begi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Vua kiatu."

"Samahani?"

"Hicho kiatu. Kuna mtu hapa nyumba ya pili atakishona kabla chai yako haijapoa. Vua, keti, ndipo uniambie ulichokuja nacho. Nikikutazama hivi naona si habari njema, na habari mbaya haisikilizwi mtu akiwa anachechemea."

Afisa alicheka bila kutaka, akavua. Mama Vifaranga alimletea malapa ya ndani na kukichukua kiatu mwenyewe mpaka kwa mshona viatu. Aliporudi, afisa alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na hajui aanzie wapi.

"Kanuni zimebadilika, bibi," alisema mwishowe. "Ile leseni moja ya kila kitu imefutwa. Sasa wanaotunza wanyama wa watu wana leseni yao. Wanaototoa na kuuza kuku wana ya kwao. Na hizo mbili haziruhusiwi kukaa ndani ya geti moja."

"Kwani zinagombana?"

"Zinaambukizana magonjwa. Geti moja, leseni moja. Ndivyo ilivyoandikwa."

Bibi Wageni alimtazama mkwe wake, mkwe akatazama maranda yaliyomganda kwenye sketi.

"Sisi tuko wawili," alisema Bibi Wageni.

"Naona. Kwa leo nitawaandika wote wawili msije mkakosa nafasi. Lakini siku nitakayorudi kukagua, abaki mmoja tu. Anayetoka aje ajitoe mwenyewe, ofisini kwetu au kwenye meza yetu ya sokoni siku ya gulio. Mkubaliane. Mimi siwezi kuwachagulia."

Kiatu kilirudi kimeshonwa, na mshona viatu alikataa malipo kwa sababu afisa alikuwa mgeni. Afisa alishukuru mara nyingi mno, kama mtu anayeomba radhi, akaenda zake.

Mkubaliane, alisema. Kwa watu wengine lingekuwa jambo la kukaa mezani na kumaliza. Lakini ili watu wakubaliane, lazima mmoja aanze kusema "mimi nataka," na katika nyumba ile neno hilo halikuwa na mwenyewe. Wakakaa kula. Mama Vifaranga alimwekea mama mkwe kipande kikubwa, mama mkwe akasubiri ageuke, akakirudisha.

Jioni hiyo binti wa Bibi Wageni alipiga simu kutoka mjini. Habari zilishamfikia, maana kaka yake dereva hakuweza kuficha kitu.

"Mama, hiyo si ndiyo nafasi sasa? Umetumika vya kutosha. Njoo ukae kwangu upumzike."

Bibi Wageni alishawahi kupumzika kwa binti yake. Ilikuwa ghorofani, juu kabisa. Asubuhi watu wa nyumba walikwenda kazini na shuleni, wakamwachia rimoti na chakula kilichofunikwa. Alikaa dirishani akitazama vichwa vya watu chini, bila kuona uso hata mmoja. Walimpenda, wala hilo halina ubishi, lakini alirudi kwake miguu imevimba, na mgeni wa kwanza aliyempokea baada ya hapo, mbuzi mmoja mkaidi, alimkumbatia shingoni mpaka mwenye mbuzi akashangaa.

"Nitafikiri, mwanangu," alisema.

Na alifikiri. Alifikiri akiwa amekaa karibu na Jemadari, mbwa wa mwalimu mstaafu. Jemadari alikuwa mzee na macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, lakini ua ule aliujua kwa pua kuliko wenye macho. Mwalimu alikuwa anakwenda hospitali ya mbali mara kwa mara kwa matibabu, na kila akienda alimwacha hapo, na kofia yake ikatundikwa kwenye ndoano. Siku moja alimwambia Bibi Wageni, "Nikijua yuko kwako, hata sindano haziumi sana." Akaona haya, akaondoka haraka.

Mkwe wake je? Mashine yake ilikuwa imenunuliwa kwa jasho. Watu walitoka mitaa mingine kufuata vifaranga wake kwa sababu hawakuwa wanauzwa wakiwa dhaifu. Na bado kijana. Jua langu limeshaelekea machweo, alijiambia Bibi Wageni. Lake ndiyo kwanza saa nne asubuhi. Wapi na wapi nimzibie?

Kesho yake alivaa nguo nzuri. "Nakwenda kupimwa magoti," alisema, na kabla Mama Vifaranga hajajifuta mikono ili amsindikize, geti lilikuwa limeshafungwa.

Ofisi ya mifugo ilikuwa na dirisha moja, na nyuma ya dirisha karani mwenye mafua makali. Alisikiliza, akapiga chafya, akauliza kama ilivyompasa kuuliza.

"Unajitoa kwa hiari?"

"Kwa hiari."

"Hujalazimishwa na mtu?"

"Na nani? Mkwe wangu hata kuku akimdonoa anamwomba samahani."

Karani aliandika, akamsomea polepole ili aelewe anachotia saini, kisha akafanya jambo ambalo halikuwa kazi yake. Alitoka nyuma ya dirisha na leso yake puani, akamshika mkono kumteremsha ngazi, kwa sababu ngazi zile hazikuwa na pa kushika. "Nina mama," alisema tu. Bibi Wageni aliyakumbuka maneno hayo njia nzima, na yakamsaidia asilie barabarani.

Sehemu ngumu ilikuwa kumwambia mwalimu. Alipokuja kumchukua Jemadari, Bibi Wageni alimwambia wazi, maana hakujua njia nyingine, kwamba safari ijayo hatakuwa na ruhusa ya kumpokea.  Mwalimu aliinama, akamkuna mbwa nyuma ya masikio kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Nitaona pa kumpeleka," alisema. Lakini hakusema ni wapi, na aliisahau kofia yake kwenye ndoano.

Siku ya gulio Mama Vifaranga alikwenda sokoni na maboksi yake ya vifaranga, akarudi macho mekundu.

"Vumbi la sokoni, mama," alisema. "Leo limezidi."

"Nawa uso, nikuletee maji."

Kitu kingine Bibi Wageni alikiona lakini hakukitilia maanani. Mayai yaliyokuwa kwenye trei hayakuingia kwenye mashine. Yaliuzwa ya kula. Alidhani mkwe anangoja leseni mpya ibandikwe ndipo aanze upya, na akaona ni busara.

Siku ya ukaguzi afisa aliingia bila kelele.

"Kiatu vipi?" aliuliza Bibi Wageni.

"Kimenyamaza, bibi, nashukuru." Alikaa, akafungua begi, akakuna kichwa kwa kalamu. "Haya. Anayebaki ni nani?"

"Yeye," alisema Bibi Wageni, akimwonyesha mkwe wake.

"Yeye," alisema Mama Vifaranga kwa pumzi ileile, akimwonyesha mama mkwe wake.

Wakatazamana.

Afisa aliweka kalamu chini. "Asubuhi hii nilipokuwa napanga majina kwa viwanja, nilidhani karani kakosea kwa sababu ya mafua. Kumbe hakukosea. Kiwanja hiki hakina mtu. Wewe bibi ulijitoa ofisini. Na wewe dada ulijitoa kwenye meza ya sokoni, mbele yangu mimi mwenyewe, ukalia mpaka nikakupa leso."

"Mwizi!" alisema Bibi Wageni.

"Mwizi ni wewe, mama! Ulisema unakwenda kupimwa magoti!"

"Na wewe ulisema vumbi!"

"Na mayai nimeyauza yote!"

Walianza kucheka, na afisa naye akacheka kwa sababu hakuweza kujizuia, na wakacheka mpaka Mama Vifaranga akashika nguzo. Kisha mmoja akaacha, na wa pili akaacha, maana kila mmoja alikuwa ameelewa. Walikuwa wawili tena, sawa, lakini wawili wasio na kitu. Ndani ya banda paka wa watu alilia mara moja.

"Haiwezi kurudishwa?" aliuliza Mama Vifaranga.

"Kwa kiwanja hiki, dirisha la maombi limefungwa. Kwa kanuni, wanyama wote watoke." Afisa alisema hivyo akitazama magoti yake. Kisha akainua uso. "Ipo njia moja, nimeifikiria nikiwa njiani. Nyumba yenu iko kwenye kona. Mkiugawa ua kwa ukuta kamili, na kila upande ukawa na geti lake, mmoja barabarani, mwingine kichochoroni, vinakuwa viwanja viwili vipya. Viwanja vipya bado vinapokelewa. Kila mmoja ataomba ya kwake."

Ingedhaniwa Bibi Wageni angeruka kwa furaha. Badala yake alisimama, na uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya msiba.

"Ukuta? Katikati ya mimi na mkwe wangu?"

"Ni ukuta tu, bibi."

"Hakuna ukuta tu. Watu watasema tumekosana. Mwanangu yuko safarini atasikia mama yake na mke wake wamewekeana ukuta, atashika vipi usukani? Nimekaa na mtoto huyu hatujanuniana hata nusu siku. Acha leseni ipotee. Nitakwenda ghorofani kwa binti yangu."

"Mama, sikiliza kwanza," alisema Mama Vifaranga.

"Nimesikiliza."

Afisa hakukasirika. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza bibi yake mwenyewe. "Kanuni hii haikutungwa kwa kuwaudhi watu. Kule nilikokuwa kabla ya hapa, kuku wa banda zima walikufa. Mtu anatoka kwa bata mgonjwa, anaingia kwa vifaranga, anafagia kwa nia njema kabisa. Yeye mwenyewe hana ugonjwa. Kiatu ndicho kinao." Akamgeukia Mama Vifaranga kwa kazi yake ya kuuliza. "Hapa hamjawahi kupoteza vifaranga kwa wingi?"

"Mara moja tu," alijibu Mama Vifaranga, haraka. "Mvua zilizopita. Ilikuwa baridi."

Bibi Wageni alikuwa bado amesimama. Alizikumbuka mvua hizo. Alikumbuka bata wa mtu mmoja aliyekwenda kuzika, waliofika ndani ya kapu wakiwa wamelegea, shingo zimepinda, na yeye akawapa maji na kuwabembeleza. Alikumbuka alivyoamka mapema na buti zake za mpira zenye matope ya banda la bata, akavuka ua akichekelea moyoni, akafagia bruda yote vizuri, mpaka pembeni, nyuma ya taa. Baada ya hapo vifaranga walilala mmoja mmoja kama pamba iliyoloa. Mama Vifaranga aliwatoa ndani ya beseni lililofunikwa kitambaa, ili mama mkwe asiwaone. Baridi, mama, alisema. Taa ilizimika.

Lakini dirisha la Bibi Wageni lilikuwa linatazamana na taa ile, na haikuzimika. Aliona hilo hata wakati ule, akadhani amesinzia.

Na tangu siku hiyo mlangoni pa banda la vifaranga kulikuwa na beseni la maji ya dawa. Ni ya kutoa tope, mama, aliambiwa, usije ukateleza. Na tangu siku hiyo, kila akiamka kwenda kuiba kazi, alikuta banda limeshafagiliwa.

"Mwanangu," alisema. "Ilikuwa baridi?"

"Ilikuwa baridi, mama."

"Taa ilikuwa inawaka."

Mama Vifaranga alitazama miguu yake. "Baridi ilikuwa kali," alisema, na hapo sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Mvua nzima ilikuwa imepita, na kiangazi juu yake, na mtu huyu alikuwa anaamka kabla ya jogoo kila siku ya Mungu ili mama mkwe wake asijue. Bibi Wageni alikaa tena kwenye kigoda. Alinyoosha mkono, akaondoa maranda yaliyokuwa kwenye sketi ya mkwe wake, moja, halafu jingine.

"Huo ukuta," alimwuliza afisa, "unatakiwa uwe na urefu gani?"

Matofali yalikuwepo. Mwanawe dereva aliyanunua zamani ili ajenge baraza, na kwa kuwa kila akirudi alikuwa amechoka, yaliota nyasi nyuma ya choo. Fundi aliyeitwa alikuwa Fundi Kesho, aliyepewa jina hilo kwa jibu lake, lakini safari hii alifika siku ileile. Alitaka kuona ugomvi wenyewe.

Hakuwa peke yake. Matofali ya kwanza hayajakauka, mshona viatu aliingia na jirani wawili wanawake, wamevaa nyuso za suluhu. Walikohoa. Walisifia hali ya hewa.

"Bibi Wageni," alianza mshona viatu, "sisi ni majirani, na jirani ni ndugu. Tumeona ukuta unapanda. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, lakini..."

"Fahali gani? Sisi majike."

"Ni msemo tu, bibi."

"Basi tafuta wa ng'ombe wa maziwa. Mmekuja kutusuluhisha?"

"Kama mnahitaji."

"Mkwe wangu!" aliita Bibi Wageni. "Watu wamekuja kutusuluhisha. Leta chai!"

"Tuambie basi wamekuja upande wangu au wako," alijibu Mama Vifaranga kutoka ndani, "nijue nani nimwekee sukari."

Walikunywa chai, wakaelezwa mambo ya leseni tangu mwanzo, na mshona viatu akaondoka na aibu kidogo. Lakini jioni alirudi peke yake na toroli lake, akahamisha matofali mpaka jua likazama. 

Simu ya dereva ilikuja siku hiyohiyo.

"Mama! Nimesikia mmekosana na mke wangu. Nageuza lori sasa hivi!"

"Ugeuze lori na mzigo wa watu? Endesha."

"Basi mbona hamsemeshani?"

"Nani kakwambia? Huyu hapa nyuma yangu ananisuka nywele, kakaza mpaka macho yamevutika. Mwanangu, msalimie mumeo."

"Hujambo," alisema Mama Vifaranga, kichana kikiwa mdomoni.

"Sasa ukuta wa nini?"

"Wa baraza lako," alisema mama yake. "Tumeamua kulisimamisha wima." Na akakata simu.

Ukuta ulipofika usawa wa kifua, Bibi Wageni alimwambia Fundi Kesho aache nafasi kidogo. Fundi alikataa, ameambiwa ukuta kamili, na yeye hataki maneno na serikali. Wakabishana mpaka ikabidi afisa aitwe. Alikuja, akasimama mbele ya tundu lile dogo, akawaza.

"Kanuni inasema mnyama asipite," alisema.

"Hapiti hata panya aliyeshiba," alisema Bibi Wageni.

"Na mimi nasema kiatu kisipite. Kiatu ndicho kinachoua." Akainama, akavua kiatu chake cha kulia, kile kilichoshonwa, akakisukuma tunduni. Kiliingia ncha, kikakwama kwenye kisigino. Akakigeuza, akajaribu kwa ubavu. Kikakwama. Fundi, ambaye hakuwa ameona ukaguzi wa namna hiyo, alishusha mwiko.

"Kiatu hakipiti," alisema afisa. "Sasa leteni hicho mnachotaka kipite."

Bibi Wageni alileta kikombe. Kilipita vizuri, na kisahani chake kikafuata kikiwa kimesimama.

"Lipige plasta," afisa alimwambia fundi, "lisimong'onyoke." Na kwa kalamu yake akaandika kwamba ukuta umekamilika.

Leseni zilitoka, moja kila upande. Hazikuwa zinafanana hata rangi. Kila mmoja alibandika yake nyuma ya mlango wake wa jikoni, na kwenye kila geti kukawekwa beseni la dawa na jozi ya malapa ya mgeni, kwa sababu mchana bado walikula pamoja, anayekuja akizunguka kwa kona ya barabara na kubadili viatu getini kama mtu anayeingia msikitini. Mabanda lakini hayakuingiliwa tena. Hilo lilikuwa limekwisha, na wote wawili walilijua. Mayai yalirudi kwenye mashine.

Mwalimu alimleta Jemadari kabla ya safari yake ya hospitali. Kofia ilikuwa bado kwenye ndoano. Bibi Wageni hakuwa ameiondoa hata siku moja. Mbwa alikwenda moja kwa moja katikati ya ua, kama alivyozoea, akagonga pua ukutani. Alirudi nyuma, akanusa tofali la chini, akafuata ukuta mzima mpaka mwisho na kurudi, kisha akalala chini ya lile tundu.

"Ameshaelewa," alisema mwalimu.

"Ameelewa kabla yangu," alisema Bibi Wageni.

Asubuhi iliyofuata aliamka mapema kuliko alivyoamka kwa muda mrefu. Alichemsha chai, akaifunika kisahani, akavuka nusu ya ua iliyobaki kuwa yake, akinyata, akamruka Jemadari. Aliponyoosha mkono tunduni, mkono ulikutana na kikombe. Kilikuwa cha moto.

"Mwizi kaingia humu!" alisema.

"Mlinzi alikuwa amelala!" ilijibu sauti ya upande wa pili.

Kisha akasikia ufagio. Alisimama palepale, vikombe viwili mikononi, kiwiko kikigusa plasta ambayo ilikuwa bado na ubaridi wa usiku, akasikiliza ufagio ukienda na kurudi juu ya sakafu ambayo hatakanyaga tena. Aliijua sakafu ile yote. Ufagio ulipita mlangoni, ukapita katikati, ukapita chini ya trei, ukanyamaza.

Alivumilia kidogo. Halafu akasogeza mdomo kwenye tundu.

"Nyuma ya taa, mwanangu," alisema. "Pembeni kabisa. Hapo hujafika."

Upande wa pili kulisikika kicheko kifupi, kisha ufagio ukaenda nyuma ya taa.